Kifaa cha Kusikia Kisikae Kabatini

Katika nyumba nyingi tunazotembelea yupo mtu anayelaumiwa bure. Mtoto huitwa mara tatu asiitike, akaambiwa ana kiburi. Bibi huulizwa habari za shamba, akajibu habari za kuku, watu wakacheka. Akina mama wenzetu, kabla ya kukemea au kucheka, tujiulize: je, anasikia?

Sisi wauguzi tunazijua sababu nyingi za kupungua kwa usikivu: usaha wa sikio usiotibiwa, surua, homa ya uti wa mgongo, kelele za mashine, baadhi ya dawa kama jentamaisini, na uzee. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya tatizo hili. Kwa hiyo si aibu wala laana.

Tuanzie wapi?

Tuanzie kituo cha afya. Pengine ni nta tu iliyoziba, nayo huondolewa na mhudumu. Tusichokonoe kwa njiti wala kumimina mafuta ya moto. Kama kuna usaha, utibiwe kwanza. Kisha tuombe barua ya kwenda hospitali yenye idara ya masikio, pua na koo, kama Muhimbili ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi. Huko hupimwa ni sauti zipi mtu hazisikii. Hata mtoto mchanga hupimwa kwa mashine akiwa usingizini. Wataalamu hushauri achunguzwe kabla hajafikisha mwezi 1, tatizo lijulikane kufikia miezi 3, na msaada uanze kufikia miezi 6, maana lugha huanza kujengeka mapema.

Kifaa hurekebishwa kulingana na kipimo hicho. Tusinunue cha mtaani bila kupimwa, kwani sauti kubwa kupita kiasi yaweza kuharibu usikivu uliobaki.

Mbona wengi hukivua?

Hapa ndipo fedha ya familia hupotea. Wiki za kwanza kila kitu ni kelele: sufuria, maji, hata viatu. Ubongo uliozoea ukimya unahitaji kujifunza upya. Mtu mzima na aanze kwa saa chache nyumbani pakiwa patulivu, aongeze siku hadi siku. Kikipiga mluzi, mara nyingi hakijakaa sawa au sikio lina nta. Kwa mtoto, huenda kipande kinachoingia sikioni kimekuwa kidogo, kwa kuwa sikio lake linakua. Kipande hicho hubadilishwa mara kwa mara. Tumrudishe hospitali, tusikifungie kabatini.

Utunzaji wake

Kabla ya kulipa tuulize: kinatumia betri gani, zinauzwa wapi, na nani atakitengeneza? Betri nyingi za vifaa hivi hufanya kazi kwa hewa. Ukibandua kibandiko zinaanza kuisha, nazo hudumu kama wiki moja au mbili. Ziwekwe mbali na watoto. Aliyemeza apelekwe hospitali mara moja. Kifaa kivuliwe kabla ya kuoga. Usiku kifutwe kwa kitambaa kikavu, kifunguliwe mlango wa betri, na kihifadhiwe pakavu, hasa Pwani kwenye unyevu mwingi.

Sisi tulio karibu naye

Kifaa hakirudishi sikio la ujana. Tumwangalie usoni tunapozungumza, tusipige kelele, na tuzime redio. Shuleni mtoto aketi mbele. Kipo pia kipaza sauti kidogo ambacho mwalimu huvaa, na sauti yake ikafika moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto. Kanisani wazee wapewe viti vya mbele, na msemaji asiache kipaza sauti.

Wapo ambao kifaa hakiwatoshi. Baadhi yao husaidiwa kwa upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, huduma ambayo Muhimbili iliianza mwaka 2017. Wengine watahitaji lugha ya alama, nayo ni lugha kamili. Familia nzima na ijifunze.

Mama mwenzetu, kama kipo kimoja kabatini mwako, kitoe wiki hii. Mpeleke mwenyewe pamoja nacho kwa aliyempima, mseme waziwazi kinachomsumbua. Mara nyingi hurekebishwa siku hiyo hiyo.