Mlipuko Ukitokea Mtaani: Mama, Jitayarishe Bila Kujitia Hofu

Leo sisemi juu ya chanjo wala uji. Nataka tuzungumze juu ya milipuko, moto wa gesi na sumu ya hewa.

Juzi kliniki mama mmoja aliniuliza, "Sister, ninunue barakoa ya gesi kama zile za wanajeshi?" Nilimuuliza kama mtungi wake wa gesi uko mbali na kitanda cha mtoto. Akanyamaza. Hapo ndipo pa kuanzia. Barakoa hiyo ni ghali, haimtoshi mtoto mchanga, na huenda usiihitaji maisha yako yote. Lakini gesi, mafuta ya taa na makaa tunalala navyo chumba kimoja kila siku.

Hofu nayo ina madhara yake. Mwaka 2001 ilitangazwa hapa Kenya kwamba barua moja ilikuwa na vijidudu vya kimeta, na watu wakaingiwa na wasiwasi. Vipimo vya baadaye vilionyesha haikuwa navyo. Kwa hivyo tujitayarishe kwa kadiri ya hatari yenyewe, na tujifunze kwa yaliyotupata.

La kwanza ni la Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, magaidi walipolipua ubalozi wa Marekani katikati ya jiji. Hapa Nairobi watu 213 walikufa na maelfu wakaumia. Wengi waliopoteza macho walikuwa ndani ya maofisi ya karibu. Walisikia mlio wa kwanza, wakaenda dirishani kuangalia kuna nini. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo viliwarukia usoni. Somo ni hili: ukisikia mlio, usiende dirishani. Lala chini, mfunike mtoto kwa mwili wako, kisha sogea nyuma ya ukuta usio na kioo. Na usikimbilie mahali pa tukio kutazama, maana mlipuko wa pili huweza kufuata.

La pili ni la Sinai, hapa Mukuru, tarehe 12 Septemba 2011. Petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaroni, watu wakaja na ndoo na mitungi kuchota. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 100 walikufa. Siwalaumu. Mtu asiyejua watoto watakula nini jioni, akiona petroli ya bure ataiona ni riziki. Lakini mvuke wa petroli hutambaa mbali na mtaro, na jiko la jirani linatosha kuuwasha. Ukiona mafuta yamemwagika, chukua watoto, uondoke.

La tatu ni la Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Gari lililobeba gesi lililipuka karibu na nyumba za watu, ikikaribia saa sita usiku, wengi wakiwa wamelala. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Usiku kama huo hakuna wakati wa kutafuta viatu. Ndiyo maana mipango hufanywa mchana.

Sasa tufanye nini nyumbani? Kwanza, chagueni mahali pawili pa kukutana: pamoja karibu, kama lango la shule, na pengine mbali kidogo, kama kwa shangazi mtaa wa pili. Mfundishe mtoto jina lake kamili, jina lako na nambari yako ya simu. Aliye mdogo sana, mwandikie nambari kwenye karatasi uishone ndani ya sweta. Kubaliana na jirani mmoja atakayemtoa mtoto wako ikiwa uko kazini.

Pili, weka mfuko mmoja karibu na mlango. Utie kadi ya kliniki, nakala za vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, tochi, leso mbili, sabuni na kitambaa safi. Dawa za kila siku, kama za pumu, kisukari, kifafa au ARV, ziweke mahali pamoja ili uzinyakue ukitoka. Na kila jioni hakikisha mtungi wa maji wa lita 20 umejaa. Mengi ya haya tayari unayo.

Tatu, jua tofauti ya moshi na gesi. Moshi hupanda juu, kwa hivyo kwenye moto inama au tambaa utoke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, pale mtoto anapotambaa. Ukisikia harufu yake, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kibiriti, na simu usiitumie ukiwa ndani. Funga gesi pale kwenye mtungi kama unapafikia, fungua mlango na madirisha, toa watu wote, kisha pigia simu nje.

Kama ni harufu kali ya kemikali kutoka kiwandani au kwenye lori, tembea kuukata upepo, kisha uelekee kule unakotoka, mahali palipoinuka. Mkiambiwa mkae ndani, fungeni madirisha, zibeni nyufa kwa matambara yaliyolowa, na mzime kila jiko. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Nne, huduma ya kwanza. Aliyeungua mmwagie maji safi ya bomba, si barafu, kwa dakika 20, kisha funika kidonda kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, unga wala yai. Aliyemwagikiwa kemikali mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi. Ikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka angalau dakika 20. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe na usimpe maziwa. Mkimbize hospitali na ubebe ile chupa. Kioo kilichozama mwilini usikichomoe.

Nambari za kupiga ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandike ukutani, kwani simu huzima chaji.

Mwisho, watoto. Baada ya tukio mtoto anaweza kukojoa kitandani, kukataa shule au kukushikilia usiku kucha. Usimpige wala kumcheka. Mwambie ukweli kwa maneno machache, mpunguzie picha za televisheni, na umrudishe kwenye mambo aliyoyazoea. Wiki zikipita bila nafuu, mlete kliniki.

Kazi ya leo ni moja tu. Kabla hujalala, muulize mtoto wako, "Tukipotezana, tutakutana wapi?" Kama hana jibu, mpatie usiku huu huu. Kinga ni bora kuliko tiba. Hadi wiki ijayo, kwaherini.