Sindano ya miezi mitatu na uvimbe wa kichwani: Ukweli ni upi?

WANAWAKE wengi wanaofanya biashara kati ya Manyovu na Mugina huipenda sindano ya uzazi wa mpango. Haina usumbufu wa kumeza kidonge kila siku, na mtu husafiri na mzigo wake wa dagaa bila wasiwasi kwa miezi mitatu.

Siku hizi, hata hivyo, kuna maneno yanayovuka mpaka kwa kasi. Mama mmoja muuza mawese aliniuliza: "Mwalimu, eti hii sindano inaotesha uvimbe kichwani. Ni kweli au wanatutisha?" Nafundisha biolojia, somo nililolianza nikiwa mkimbizi Kigoma, na naona swali hilo linastahili jibu kamili.

Habari hiyo ina msingi. Machi 2024, watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la BMJ uchunguzi uliohusu wanawake 18,061 waliopasuliwa meninjioma kati ya mwaka 2009 na 2018. Meninjioma ni uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi si saratani na hukua polepole, lakini ukiubana ubongo unaweza kuleta kifafa, upofu au kupooza.

Kwa mujibu wa uchunguzi huo, sindano ya medroksiprojesteroni, ambayo wengi tunaijua kama Depo-Provera, ilihusishwa na hatari mara 5.6 ya kupasuliwa uvimbe huo. Hatari ilitokana na matumizi ya mwaka mmoja au zaidi.

Kwa nini homoni ifike kichwani? Homoni husafiri katika damu mwili mzima, lakini hufanya kazi pale tu inapokuta kipokezi chake, mfano wa ufunguo na kufuli. Meninjioma nyingi, takribani saba katika kila kumi, zina vipokezi vya projesteroni, na dawa ya sindano ni ndugu wa projesteroni. Ndiyo maana uvimbe huu huwapata zaidi wanawake, na wakati mwingine hukua haraka mtu akiwa mjamzito.

Hata hivyo, kufuli hilo si kisa chote. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 kwa wagonjwa 164 liliziba vipokezi hivyo kwa dawa ya mifepristoni, lakini halikuonyesha nafuu kuliko dawa bandia.

Je, tuikimbie sindano? Hapana. Meninjioma ni ugonjwa adimu. Marekani hupata wagonjwa wapya takribani 10 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na wengi wao ni wazee. Aidha, kati ya wale wanawake 18,061 wa Ufaransa, ni 9 tu waliokuwa wametumia sindano hii, kwani kule haitumiki sana. Mimba isiyotarajiwa nayo ina hatari zake, na akina mama wa kwetu wanazijua.

Lakini kwetu watumiaji ni wengi, na wengine huitumia miaka mingi. Hapa ndipo penye tatizo letu sisi tuliorejea. Mama alichomwa sindano kambini Kasulu, akarudi nyumbani akaendelea, kisha akachomwa tena upande wa pili alipofuata mzigo. Kila kituo kina kadi yake, na hakuna aliyejumlisha miaka.

Akina mama, jumlisheni wenyewe. Andikeni kwenye daftari tarehe ya kila sindano na mahali mlipochomwa, kisha mumwonyeshe nesi. Kama miaka imekuwa mingi, muulizeni kuhusu njia nyingine. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, na kile chenye levonojestreli hakikuonyesha ongezeko la hatari katika uchunguzi huo.

Aliyewahi kuambiwa ana meninjioma aseme kabla ya kuchomwa. Septemba 2024, kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza mtu huyo asipewe sindano hii kwa uzazi wa mpango.

Kichwa kinachozidi kuuma wiki hadi wiki, macho kufifia, mkono au mguu kulegea, na kifafa kinachoanza ukubwani, hizo ni dalili za kupelekwa hospitali. Msizimalizie kwa mganga wa kienyeji huku uvimbe ukiendelea kukua. Na mkifika, daftari liwe mkononi.