Kabla ya kumwondoa mwanao kwenye muziki, hesabu saa zake za kulala

Huenda tayari umeamua. Ripoti ya muhula imefika, Kemia imeshuka kutoka B hadi C, Hisabati inayumba, na katika orodha ya masomo ya mwanao kuna Muziki au Sanaa na Usanifu. Pengine mwalimu wa drama ameandika pembeni kwamba mtoto anang'aa sana jukwaani. Jicho lako linaenda hapo moja kwa moja. Unasema: hili ndilo linalomla muda, na liondolewe.

Kabla hujampigia mwalimu simu, nakuomba jambo moja. Mwulize mtoto analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Usimwulize kama analala vizuri, maana atakujibu ndiyo ili mazungumzo yaishe. Mwulize saa.

Suala la kuchanganya masomo mazito na sanaa linawasumbua wazazi wengi wakati huu. Wanafunzi waliosalia katika mfumo wa 8-4-4 wanaelekea KCSE ya mwisho mwaka 2027. Wale wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na walitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Nyumbani mjadala huwa wa kazi na mshahara. Katika safu hii tutauangalia kwa upande wa mwili na akili ya mtoto, kwa sababu huko ndiko mambo huharibika kwanza, kabla hata ya alama kushuka.

Chukua mfano wa msichana wa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni anayesoma masomo manane: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Biolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia na Muziki. Kengele ya kuamka inalia saa kumi alfajiri. Prepu ya asubuhi inaanza saa kumi na nusu. Usiku, taa za bweni zinazimwa saa nne na nusu. Amelala saa tano na nusu, na hapo nimechukulia kwamba usingizi ulimjia pindi tu taa zilipozimwa. Kwa wiki nzima ni saa 38 na nusu.

Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2016, kinasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Kwa kiwango cha chini kabisa, hizo ni saa 56 kwa wiki. Msichana wetu basi anadaiwa na mwili wake saa 17 na nusu kila wiki. Ni sawa na kukesha bila kufumba jicho usiku mbili katika kila saba.

Sasa piga hesabu ya muziki wake. Ukijumlisha vipindi, mazoezi ya kinanda na kwaya, ni kama saa sita kwa wiki. Hata ukiuondoa wote, deni la usingizi halilipiki. Na usidhani saa hizo sita zitarudi kitandani. Katika shule nyingi zitageuzwa kuwa prepu nyingine, na mtoto atabaki na uchovu uleule, ila sasa hana kile kitu kimoja alichokuwa akikisubiri kwa hamu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba sheria yenyewe iko upande wa usingizi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka masomo ya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, vyama na shughuli nyingine za nje ya darasa. Kwa shule za bweni, prepu ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku, kisha ni kulala hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu za kitandani. Prepu ya saa kumi na nusu alfajiri haimo.

Tufuate kanuni hizo tuone kama sanaa inaenea. Wiki ina saa 168. Ondoa saa 59 na nusu za kulala, 37 na nusu za darasani na 10 za prepu. Ondoa pia saa tatu kila siku za kula, kuoga, kufua na kusali, ambazo ni 21. Zinabaki saa 40. Katika saa hizo kuna nafasi ya kinanda, ya mpira, ya kurudia Kemia Jumamosi asubuhi, na ya kukaa tu chini ya mti kupiga soga na wenzake, jambo ambalo nalo lina faida kwa afya. Kwa mtoto wa kutwa hesabu ni ngumu zaidi. Anayepanda matatu saa moja asubuhi na saa moja jioni anapoteza saa kumi kwa wiki barabarani, na akifika nyumbani kuna vyombo na wadogo zake wa kulea. Kama huyo ndiye mwanao, angalia kwanza kazi za nyumbani zinazoweza kupunguzwa.

Kwa nini nasisitiza usingizi namna hii? Kwa sababu kile mtoto anachosoma mchana, ubongo hukipanga na kukihifadhi usiku akiwa amelala. Sehemu ya mwisho ya usiku, ile ya karibu na alfajiri, ndiyo yenye usingizi mwingi wa ndoto, na ndiyo hiyo kengele ya saa kumi huikata. Tena, katika umri wa balehe homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku, huchelewa kutoka kwa saa moja hadi mbili ikilinganishwa na utotoni. Kijana anayegeukageuka kitandani saa nne usiku na kuburutwa asubuhi si mvivu wala mkaidi. Saa ya mwili wake imesogea.

Vijana wenyewe hutafuta dawa za mtaani za usingizi huu. Wapo wanaosoma miguu ikiwa kwenye karai la maji baridi. Wapo wanaolamba unga wa kahawa mkavu. Kumbuka kwamba nusu ya kafeini huwa bado mwilini kama saa tano baadaye, kwa hiyo kahawa ya saa mbili usiku inaendelea kufanya kazi saa saba usiku. Mtoto atalala, lakini usingizi mwepesi.

Turudi kwenye sanaa, na hapa niseme kitu ambacho walimu wa muziki huenda wasikipende. Usimwache mtoto kwenye muziki kwa imani kwamba utampandishia Hisabati. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 1993, watafiti walipowachezea wanafunzi wa chuo kikuu muziki wa Mozart kwa dakika kumi na kuona wamefanya vyema kidogo katika jaribio la kufikiria maumbo. Manufaa hayo yalidumu kama robo saa tu. Habari ilipoenea ikageuka kuwa "muziki huongeza akili". Mwaka 2000 Ellen Winner na Lois Hetland, watafiti wa Project Zero katika Chuo Kikuu cha Harvard, walikusanya tafiti nyingi za miaka mingi na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundishwa sanaa kunapandisha alama za masomo mengine kwa jumla. Walipopata uthibitisho wenye uzito ni katika sehemu chache, mojawapo ikiwa mchango wa drama ya darasani katika lugha.

Faida ya sanaa kwa afya ni jambo jingine, na hiyo ina msingi mzuri zaidi. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 na kueleza jinsi sanaa inavyosaidia kuzuia na kukabili magonjwa, yakiwemo ya akili. Miaka mitatu kabla ya hapo, Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 rangi, udongo na karatasi kwa dakika 45. Karibu robo tatu yao walipimwa na kukutwa na kiwango cha chini cha kortisoli, homoni ya msongo, wawe ni wazoefu wa kuchora au la. Ni kundi dogo na si vijana, kwa hiyo tusiuvute utafiti huo kupita uwezo wake. Lakini unaafikiana na yale mwalimu yeyote wa kwaya ameyaona: watoto huingia chumbani mabega yakiwa juu masikioni, na baada ya nusu saa ya kuvuta pumzi na kuitoa polepole kwa wimbo, mabega yameshuka.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya sanaa kama somo la kutahiniwa na sanaa kama chama cha alasiri, na familia nyingi huzichanganya. Muziki wa KCSE una karatasi tatu: ya vitendo, ya kusikiliza na ya nadharia. Sanaa na Usanifu nayo ina nadharia, kuchora au kupaka rangi chini ya saa, na mradi unaofanywa kwa miezi kadhaa. Huo ni mzigo kamili. Mtoto anayependa kuimba lakini anachukia kuandika noti anaweza kupata nafuu yote kwenye kwaya, bila karatasi hata moja. Yule mwenye kipawa na bidii apewe somo, na usilidharau. Tangu KCSE ya 2023 alama ya wastani hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vyema zaidi. A ya Muziki inaingia humo kama A ya Fizikia. Kozi ya chuo ndiyo huangalia masomo yake maalum, na hilo mliangalie mapema pamoja.

Zingatia pia misimu. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927, kwa kawaida hufikia ngazi ya kitaifa mwezi wa Agosti, na lile la drama karibu na Aprili. Wiki za kabla ya hapo mazoezi huongezeka, na mtoto anaweza kurudi bwenini sauti ikiwa imekwaruza. Ukwaruzaji wa sauti unaopita wiki tatu upelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, usitibiwe kwa tangawizi peke yake. Maumivu ya kiganja kwa mpiga gitaa au kinanda nayo hutaka mapumziko, na kujikaza hakusaidii.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Wakati mwingine si mzazi anayetaka sanaa iachwe. Ni mtoto mwenyewe. Aliyekuwa akichora kila daftari, hadi kwenye jalada la Hisabati, anasema ghafla hataki tena. Mzazi hufurahi na kusema mtoto amekomaa. Tafadhali usifurahi haraka. Kupoteza raha katika kitu mtu alichokipenda ni mojawapo ya dalili kuu mbili za ugonjwa wa mfadhaiko. Nyingine ni huzuni isiyoisha, ambayo kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 49, hao ni saba.

Namna ya kutofautisha ni kuuliza na kusikiliza. Mtoto aliyeamua kwa sababu ya ratiba atakueleza mpango: ataacha Sanaa ili apate muda wa Biolojia, lakini bado utamkuta akichora likizoni. Yule mwenye mfadhaiko hana mpango. Ameacha kuchora, ameacha mpira, hajibu marafiki, chakula hakimpiti au anakula kupita kiasi, na hali imeendelea wiki mbili au zaidi. Huyo anahitaji mshauri nasaha au daktari, na kumwongezea masomo ya ziada kutamwumiza. Akitamka kwamba hataki kuishi, hata kwa mzaha, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.

Siku ya kutembelea shule, keti na mwalimu wa darasa ukiwa na karatasi ya saa za mtoto mkononi. Uliza kengele ya kwanza hulia saa ngapi. Uliza kama kipindi cha mazoezi ya mwili huwa ni cha mazoezi kweli au hugeuzwa kuwa cha Hisabati. Ukienda na wazazi wenzako watatu au wanne utasikilizwa zaidi kuliko ukienda peke yako, hasa kuhusu prepu ya alfajiri.

Baada ya hapo, kama bado mnaona mzigo ni mkubwa, punguzeni pamoja na mtoto na mfanye hivyo mwanzoni mwa muhula. Kumwondoa mtoto kwenye Sanaa mradi wake ukiwa nusu ni kumtupia kazi ya miezi. Mkikubaliana kwamba somo litoke, mwombee nafasi kwenye chama au kwaya ili asipoteze vyote. Kisha subiri wiki nne na umwulize tena swali la kwanza: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi? Ukikuta saa zilizoachwa na Muziki zimemezwa na prepu, rudi kwa mwalimu.