Basi Hungoja Nini? Mikataba ya Usafiri wa Umma Jijini na Ufipa

Mtu anayesafiri kutoka Sumbawanga kuteremka Bonde la Rukwa hujua kwamba, ratiba iseme isemavyo, mara nyingi basi huondoka lijaapo. Wengi huilaumu tamaa ya mwenye basi au uvivu wa dereva. Lawama hiyo haitoshi. Mwendo wa basi hutawaliwa na mkataba zaidi kuliko tabia ya mtu; na swali la msingi katika kila mpango wa usafiri wa umma ni hili: siku abiria wasipotosha, nani anabeba hasara?

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Basi dogo lina viti 30. Gharama ya safari moja, yaani mafuta, mishahara, matairi na matengenezo, ni shilingi 90,000. Nauli ni shilingi 4,000. Ili gharama irudi, wanahitajika abiria 23. Siku ya mnada basi hujaa, mapato yakawa shilingi 120,000 na faida 30,000. Siku ya kawaida hupatikana abiria 12. Mapato ni shilingi 48,000 na hasara ni 42,000. Ikiwa juma lina siku mbili za mnada na tano za kawaida, faida ya 60,000 humezwa na hasara ya 210,000. Kwa hiyo mwenye basi hupungukiwa shilingi 150,000 kila juma. Basi likingoja stendi hadi saa tano, linaitii hesabu hiyo.

Njia tatu za kuigawa hasara

Njia ya kwanza ni kumtwika dereva. Dar es Salaam inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1974 kampuni ya DMT, iliyoanza mwaka 1949, iligawanywa kuwa mashirika mawili ya umma: UDA kwa usafiri wa jiji, na KAMATA kwa safari za mikoani. UDA haikuweza kwenda sambamba na ongezeko la watu, na mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, ambayo wananchi waliyaita daladala. Kwa desturi iliyoenea, dereva wa daladala humpelekea mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, kiitwacho hesabu. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na kondakta. Matokeo yake ni mbio barabarani, kujaza kupita kiasi na kukatisha njia. Mwanafunzi anayelipa nauli ndogo kuliko ya mtu mzima huachwa kituoni, maana kila nafasi aichukuayo humpunguzia dereva riziki.

Njia ya pili ni kumwachia mwenye basi. Ndivyo ilivyo kwa leseni zitolewazo na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mamlaka hutoa leseni ya njia na kuweka kikomo cha nauli, lakini faida na hasara ni za mwenye chombo.

Njia ya tatu ni mamlaka yenyewe kuibeba. Mwaka 1985 njia za mabasi za London zilianza kutolewa kwa zabuni. Mamlaka ya jiji hupanga njia, ratiba na nauli, na fedha za nauli ni zake. Makampuni hushindania kuendesha kwa malipo yaliyokubaliwa. Basi likienda tupu, kampuni hulipwa. Lisipokwenda kwa uzembe wa kampuni, malipo hukatwa. Mpango wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, ulibuniwa kwa wazo la namna hiyo: wakala wa serikali, DART, asimamie, na mwendeshaji alipwe kwa kilometa. Udhaifu wa njia hii nao ni dhahiri. Anayelipwa kwa kilometa hana haja ya kumtafuta abiria. Kwa hiyo bila wakaguzi waaminifu na ukusanyaji makini wa nauli, fedha za umma huvuja.

Funzo kwa Ufipa

Jiji kubwa lina nafuu moja: njia zenye abiria wengi zinaweza kuzibeba zenye abiria wachache, mapato yote yakiwekwa katika mfuko mmoja. Nyanda za Ufipa zina njia chache za namna hiyo. Barabara ya lami iendayo Tunduma kupitia Laela ina abiria. Njia za vumbi zinazoteremka kwenda Bonde la Rukwa upande mmoja, au mwambao wa Ziwa Tanganyika upande mwingine, zina miteremko mikali, na masika huongeza gharama. Njia zikitolewa mojamoja, kila mwenye basi atakimbilia lami.

Lakini njia zaweza kufungwa pamoja. Tuseme safari za Tunduma humpatia mwenye basi ziada ya shilingi 25,000 kwa siku, yaani 175,000 kwa juma. Akipewa njia hiyo kwa sharti la kuhudumia pia ile ya bondeni, hasara yake ya 150,000 italipika, na bado atabakiwa na 25,000. Sharti hilo haliwezi kuwa la mdomo. Leseni humruhusu mtu kwenda; mkataba humlazimu kwenda, hata siku ya mvua na abiria 12. Pasipo ziada ya kutosha, halmashauri haina budi kulipa ruzuku, au ikiri waziwazi kwamba vijiji hivyo havitakuwa na basi la uhakika.

Walimu wa hisabati na jiografia wanaweza kuwatuma wanafunzi stendi kwa juma moja, wahesabu abiria wa kila njia na kuandika saa basi lilipoondoka. Takwimu hizo zitaonyesha ni njia zipi zinajitegemea na zipi zinahitaji kubebwa. Mjamzito wa bondeni anayepelekwa hospitali Sumbawanga hawezi kungoja abiria wa 23.