Sura ya Tano: Kisiwa Huchaguliwa kwa Maji Yake

Watu wawili wakitaka kwenda kisiwani kwa fungate, au kuadhimisha miaka 10 ya ndoa, kwa kawaida huanza na picha za vyumba. Hulinganisha vitanda, vyandarua, asumini zilizotawanywa juu ya shuka, kisha bei. Kwa hoteli ya mjini njia hiyo inatosha, maana mjini chumba kikichusha mtu hutoka akatafuta pengine pa kula, kutembea au kuogelea. Kisiwa kidogo hakina pengine. Kisiwa kinachozungukwa kwa miguu kwa nusu saa humpa mgeni ufuo mmoja, jiko moja na boti moja ya kurudi, na hali ya vyote hivyo huamuliwa na bahari. Hoja ya sura hii, basi, ni kwamba kisiwa kichaguliwe kwa maji yake kabla ya chumba chake: maji ya bahari yanavyokupwa na kujaa, upepo wa msimu unavyoyatibua, na maji matamu ya kunywa na kuoga yanakotoka.

Kupwa na kujaa ndiko kunakowapotosha wengi, kwa sababu picha za hoteli hupigwa bahari ikiwa imejaa. Pwani ya Tanzania na Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kufikia mita 4 katika bamvua kubwa. Katika maji mafu tofauti hushuka hadi mita 1 au zaidi kidogo. Penye ufuo wenye mteremko mkali, mita 4 hazimsumbui mtu. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa Unguja, mgeni huogelea karibu saa zote. Upande wa mashariki, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, mwamba uko mbali na sehemu iliyo kati yake na nchi kavu ni tambarare. Maji yakipwa hurudi nyuma kilomita nzima na kuzidi, na palipokuwa na bahari ya samawati hubaki mchanga, madimbwi, majani ya bahari, na vigingi vya mashamba ya mwani yanayolimwa na wanawake wa vijiji hivyo tangu mwaka 1989. Mandhari hayo yana uzuri wake, na kutembea humo na mtu anayejua kilichomo kwenye kila dimbwi ni starehe ya pekee. Lakini aliyekuja kuogelea ataona amepunjwa.

Saa za maji nazo zina utaratibu unaoweza kujulikana miezi kabla. Kwa Unguja na visiwa vya jirani, siku za bamvua bahari hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, kisha hukauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na asubuhi hiyohiyo ya saa nne bahari huwa imejaa. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Anayefuata kalenda ya Hijria tayari ana jedwali hilo ukutani kwake: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuelekea tarehe mosi na tarehe 15, huja bamvua, ambayo hukolea siku moja au mbili baadaye; ukiwa nusu, huja maji mafu. Sasa tuliweke jambo hili katika maisha ya watu. Harusi nyingi za pwani hufungwa Mfungo Mosi, mara tu Ramadhani inapokwisha. Maharusi wanaoondoka siku ya pili au ya tatu ya Idd el-Fitr huingia kisiwani katikati ya bamvua. Wanaamka, wanakunywa chai, wanashuka ufuoni saa nne na kukuta bahari imekwenda zake. Wangengoja wiki moja tu, wangeikuta saa hiyohiyo imejaa. Idd el-Hajj ni nafuu, kwa kuwa tarehe 10 ya Mfungo Tatu huangukia kwenye maji mafu au ukingoni mwake.

Kwa mizani hiyohiyo tunaweza kuzipima nyumba zilizojengwa juu ya maji, ambazo siku hizi ndizo picha ya kwanza ya mapenzi ya kisiwani. Nyumba hizo zimetangazwa zaidi na Maldives, ambako hoteli ya kwanza ya watalii, Kurumba, ilifunguliwa mwaka 1972 na desturi ikawa kisiwa kimoja, hoteli moja. Huko tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 1 hivi, kwa hiyo nyumba iliyosimamishwa juu ya nguzo nyuma ya mwamba hukaa juu ya maji usiku na mchana. Ihamishie nyumba hiyo kwenye ufuo tambarare wenye mita 4, na kuna saa za siku ambazo wageni wataamka juu ya mchanga mtupu. Waliofanikiwa kulitatua jambo hili katika pwani yetu ni wale walioikubali bahari ilivyo. Tangu mwaka 2013 kuna chumba mbele ya rasi ya Kigomasha, Pemba, ambacho sehemu yake ya kulala iko chini ya maji na samaki hupita dirishani. Chumba hicho kinaelea. Maji yakijaa kinapanda nayo, yakipwa kinashuka nayo. Kina gharama kubwa, na si kila mtu atapata usingizi akitazamwa na samaki, lakini kama wazo la ujenzi kinastahili sifa.

Kuhusu upepo sitakaa sana, kwa kuwa watu wa pwani wanaujua. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, ikileta joto na jua. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Kusi hufuata hadi Septemba, ikileta siku za baridi kiasi na bahari iliyochafuka. Kisha huja vuli. Ambalo wengi hulisahau ni kwamba upepo una upande. Kusi huupiga uso wa mashariki na kusini wa kisiwa, na ndiyo maana Paje hujaa wanaoteleza baharini kwa tiara kuanzia Juni. Kwa wawili wanaotaka kukaa kimya kando ya maji tulivu, upepo huohuo ni kero ya mchana kutwa. Kwa hiyo katika kusi heri ufuo unaotazama magharibi. Katika masika hoteli kadhaa za Mafia na visiwa vidogo hufunga kabisa, na zinazobaki wazi hushusha bei. Punguzo hilo ni la kweli, lakini anayelichukua awe na siku ya ziada ya kurudi, kwani Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, boti ndogo haiondoki.

Jambo la tatu halionekani katika picha yoyote, nalo ni maji matamu. Kisiwa cha matumbawe hakina mto. Mvua huzama katika mawe yenye matundu na kuelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Wanajiolojia wana kanuni: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 chini ya usawa huo. Kanuni hiyo inauma pia upande wa pili. Ukivuta maji hadi uso wake ushuke sentimita 10 tu, chumvi iliyo chini inaweza hatimaye kupanda mita 4. Katika kisiwa kikubwa madhara huchelewa kuonekana. Katika kisiwa cha hekta chache kisima huharibika upesi. Hoteli ya kisiwa kidogo, kwa hiyo, ama inaleta maji kwa boti, ama inayachuja kutoka baharini kwa mashine, ama inakinga mvua.

Chumbe, kisiwa cha hekta 20 na ushei kusini magharibi mwa Mji Mkongwe, ni mfano ulio wazi wa njia ya tatu. Mwamba wake wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, uvuvi ukakoma, na mabanda 7 ya wageni yakafuata. Kila banda ni chombo cha kukingia mvua: paa lake pana huteremsha maji, yakachujwa na kuhifadhiwa katika tangi lililo chini ya sakafu. Mgeni huoga kwa mvua ya masika iliyopita, ikiwa imepashwa moto na jua. Maji yakishatumika huchujwa tena na kwenda kwenye kitalu cha mimea. Choo hakivutwi, mtu hutia chini mchanganyiko wa mboji kwa kikombe, na hakuna uchafu unaofika baharini. Umeme ni wa jua, kiyoyozi hakuna, na upepo wa usiku huingia hadi kitandani. Nje kuna mnara wa taa wa mwaka 1904, msitu, na mwamba wenye aina zaidi ya 400 za samaki. Kupiga mbizi kwa mitungi hakuruhusiwi. Hutosha miwani na mrija.

Pingamizi la kwanza linajulikana: mtu aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya fungate anataka bwawa la kuogelea na choo cha kuvuta, si mboji. Ni pingamizi la haki, na mashine ya kuchuja chumvi inaweza kumpa yote mawili. Lakini ajue anachonunua. Mashine hiyo hula umeme mwingi, na kisiwa kisicho na waya wa umeme kutoka bara huupata umeme huo, mara nyingi, kwa jenereta. Katika kisiwa chenye urefu wa mita mia chache hakuna chumba kilicho mbali na jenereta. Bwawa hulipiwa kwa mngurumo, na mngurumo unavuruga kile hasa ambacho wawili hao walikisafiria. Asiyejali sauti hiyo achague bwawa kwa moyo mweupe.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Itasemwa kwamba katika mapenzi jambo kubwa ni faragha, na faragha hutokana na uchache wa vyumba, si maji. Mnemba inatoa jibu. Ni kisiwa kidogo mbele ya ufuo wa Matemwe, chenye hoteli moja ya mabanda machache, na bei yake ni miongoni mwa za juu kabisa Afrika Mashariki. Asiyelala pale haruhusiwi kukanyaga mchanga wake. Hata hivyo bahari inayokizunguka ni ya wote, na matumbawe yake ni mazuri, kwa hiyo boti za wageni kutoka Nungwi, Kendwa na Matemwe humiminika hapo karibu kila siku bahari inapokuwa shwari. Faragha ya nchi kavu imenunuliwa. Ya majini hainunuliki. Tazama sasa Chole, ndani ya ghuba ya Mafia, eneo lililo chini ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Hapo kuna kijiji, watoto wanaokwenda shule, mafundi wa majahazi, popo wakubwa wanaoning'inia mitini, magofu, na nyumba za wageni zilizojengwa juu ya miti. Hakuna anayedai kuwa kisiwa ni chake peke yake. Lakini jioni maji yakiijaza ghuba, wageni huachwa na utulivu ambao hoteli nyingi zenye uzio hazinao. Mimi naamini faragha ya aina hii hudumu zaidi, kwa kuwa haitegemei mlinzi. Inadai adabu kidogo tu: nguo ya stara kijijini, na kukumbatiana kubaki barazani.

Yupo atakayeuliza watu wawili wanaopendana wana haja gani na majedwali ya maji. Hawana haja nayo wakishafika. Haja ipo siku ya kulipa amana. Na gharama? Si kweli kwamba visiwa hivi ni vya Wazungu peke yao. Hoteli nyingi za Tanzania zina bei ya mwananchi na mkazi ambayo haiwekwi mbele kwenye tangazo, na viingilio vya hifadhi za bahari kwa raia ni vidogo kuliko vya wageni. Ulizeni bei hiyo kwa jina, kwa maandishi, kabla ya kutaja tarehe. Kisha ulizeni ufuo unatazama upande gani, maji ya kuoga yanatoka wapi, jenereta inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi.

Kwa wawili wenye usiku tatu na wasiohitaji kiyoyozi, chaguo langu ni Chumbe, Januari au Februari, wiki ya maji mafu. Wanaopenda watu na historia waende Chole kati ya Oktoba na Februari, papa potwe wanapopita karibu na Kilindoni. Na hoteli yoyote ya kisiwani isiyoweza kukwambia bahari itajaa saa ngapi siku utakayofika, usiilipe amana.