Chakula Kisicho na Mwenyewe

Anayesimama Ndungu, mashariki ya milima ya Upare, huuona mpunga umetanda bondeni na mlima umeuinamia. Mashamba hayo, yapata hekta 680, yalijengewa mifereji kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo hunyweshwa na mto ushukao mlimani. Mkulima wa hapa hahitaji kuelezwa kwamba wali wake hautokani na jembe lake peke yake.

Ndiyo maana tumekumbuka ibada moja ya ndugu zetu Wahindu, ambao hekalu lao la Hurumzi wasomaji wetu wa Unguja wanalijua. Siku inayofuata Diwali, wafuasi wa Krishna huadhimisha Annakuti, yaani mlima wa chakula. Yasimuliwa kwamba Krishna aliwafundisha wachungaji kuuheshimu mlima Govardhan uliowapa malisho. Indra, mungu wa mvua, alipoghadhibika akawashushia gharika, Krishna aliuinua mlima ule ukawa mwavuli wao. Basi vyakula hupangwa ngazi kwa ngazi mbele ya sanamu, kisha watu hugawiwa.

Mpishi haonji kabla ya kutoa. Chakula kinapotolewa huitwa naivedya. Kikirudi huitwa prasadi, maana yake neema. Chungu ni kile kile, lakini aliyepika si mwenyewe tena. Agawapo hatoi chake. Naye ni mpokeaji. Tajiri aliyeleta magunia na mfagiaji wa ua hupokea kitu kimoja, kwa mkono wa kulia. (Hatusemi kwamba matabaka ya kuzaliwa hayakuwahi kuitia doa kanuni hiyo, yaliitia.) Wala ukubwa wa sadaka si hoja: katika Bhagavad Gita jani, ua, tunda, hata maji, yatosha.

Sisi tuliolelewa chuoni tuna mpaka wetu juu ya chakula kilichowekwa mbele ya sanamu, wala hatuuvuki. Lakini mpaka huo hautuzuii kujiuliza. Mara ngapi kiongozi amegawa mchele wa msaada kana kwamba umetoka ghalani kwake, picha zikipigwa, na mjane akitakiwa kushukuru mara mbili? Sisi wenyewe tumewahi kusimama upande ule wa meza. Tulipigiwa makofi, na tuliyapenda.

Wazee wa Kipare walipotambika katika msitu wa ukoo waliwatangulizia wahenga fungu lao, ndipo walio hai wakala. Katika mgao ujao tungependa kumwona mgawaji naye amepanga foleni.