Vita vya Katikati ya Ubao

Sataranji ni mchezo wa vita visivyomwaga damu. Watu wawili hukaa, na baina yao ubao wenye vyumba 64. Kila mmoja ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Jina la askofu ni la Waingereza. Wafaransa humwita mwenda wazimu! Kete nyeupe ndizo zinazoanza.

Asiyejua mchezo husogeza kete zake ovyo. Mwenye akili hutazama kwanza vyumba vinne vya katikati. Kwa nini? Mwekeni farasi katika pembe ya ubao: ana vyumba viwili tu vya kurukia. Mwekeni katikati: anavyo vinane. Farasi ni yule yule, lakini nguvu zake zimekuwa mara nne. Mwenye katikati ni kama mtu aliyejenga kwenye njia panda: afika upesi kila upande, na adui yake hana budi kuzunguka.

Zamani palikuwa na nahodha wa merikebu, William Davies Evans, mtu wa Wales, aliyezaliwa mwaka 1790. Katika miaka ya 1820 alibuni namna ya kuanza mchezo ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake.

Wenye ubao wafuate. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme vyumba viwili, mweusi vilevile. Mweupe anatoa farasi wa upande wa mfalme kumtisha askari yule. Mweusi anatoa farasi wa upande wa malkia kumlinda. Kisha askofu mmoja wa kila upande anatoka, nao wanasimama uso kwa uso. Mpaka hapa mambo ni sawasawa.

Sasa Evans anamsogeza vyumba viwili askari aliye mbele ya farasi wake wa pili, palepale askofu mweusi awezapo kumla. Anamtoa bure! Askofu anamla. Ndipo askari aliye nyuma ya askofu mweupe anasogea chumba kimoja na kumfukuza mlaji. Naye akiisha kukimbia, askari wa mbele ya malkia anaingia katikati kwa nguvu. Mweusi amepata askari mmoja, lakini amepoteza wakati, na mfalme wake hajapata maficho.

Kwa namna hii Evans alimshinda Alexander McDonnell, mchezaji hodari wa Ireland. Baadaye Mjerumani Emanuel Lasker, bingwa wa dunia tangu 1894 hata 1921, alionyesha dawa yake: mweusi asing'ang'anie alichokula, bali amrudishe askari yule mapema, apate nafasi ya kupumua.

Wengi wakadhani mbinu ya nahodha imekwisha. Lakini mwaka 1995, mjini Riga, Garry Kasparov aliitumia juu ya Viswanathan Anand wa Uhindi, mmoja wa wachezaji wakubwa wa dunia. Kwa hatua 25 tu Anand alikuwa ameshindwa.